Kabla ya kukaza uso, jua kisu kitafika wapi

Na MWANDISHI WETU

UJANA ni moshi, ukienda haurudi. Ndivyo walivyonena wahenga. Hata hivyo, mijini siku hizi wapo watu ambao hawako radhi kuuacha moshi huo upotee hivi hivi. Wakijitazama kwenye kioo na kuona mashavu yameteremka na ngozi ya shingo inaning'inia, humwendea daktari kuuliza kama uso unaweza kukazwa.

Jibu ni kwamba unaweza. Taabu huanza baada ya jibu hilo. Daktari mmoja atasema yeye hukaza ngozi, wa pili atasema hushona misuli, wa tatu atasifu mbinu ya kuingia tabaka la ndani, na wa nne ataahidi kazi ndogo ambayo mtu huifanyiwa asubuhi na kulala kwake usiku. Kila mmoja atadai kwamba njia yake ndiyo bora. Je, mteja ashike lipi?

Swali hili si la mzaha. Upasuaji wa aina hii hugharimu pesa nyingi, na kwa kawaida bima za afya hazilipii matibabu ya urembo. Isitoshe, uso ulioharibika haufichiki ndani ya nguo.

Uso hulegea vipi?

Ili kuelewa mbinu hizi, ni vyema kwanza kujua kilicho chini ya ngozi. Ukiondoa ngozi utapata mafuta. Chini ya mafuta kuna tabaka jembamba lakini gumu, ambalo limeungana na misuli tunayoitumia kucheka na kununa. Madaktari huliita kwa herufi nne, SMAS. Chini ya tabaka hilo ndiko zinakopita neva zinazoiamuru misuli ya uso ifanye kazi.

Umri unaposonga, ngozi hupoteza mnyumbuko wake, mafuta ya mashavu huteremka, na tabaka hilo la chini hulegea. Ndipo mkunjo unaotoka puani hadi pembe ya mdomo unapozidi kuwa mzito, na nyama kujikusanya kando ya taya.

Kwa watu weusi, rangi ya ngozi huwakinga kwa kiasi fulani dhidi ya miale ya jua. Kwa sababu hiyo makunyanzi madogo madogo huchelewa kutokea kuliko kwa Wazungu. Mara nyingi kinachowasumbua ni nyama iliyoteremka. Jambo hili ni muhimu, kwa kuwa nyama iliyoteremka haipandi kwa kuvuta ngozi peke yake.

Kuvuta ngozi tu

Hii ndiyo njia kongwe kuliko zote. Ilianza Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20. Daktari huchana kuanzia kwenye nywele juu ya sikio, akashuka mbele ya sikio, akazunguka ndewe na kuishia nyuma yake. Huitenganisha ngozi na kilicho chini, akaivuta, akakata iliyozidi na kushona.

Kazi hii ni nyepesi na neva za uso hazisogelewi sana. Lakini ngozi hunyumbuka kama mpira wa nguo ya ndani. Ikibebeshwa mzigo wote, baada ya muda hulegea tena. Ikivutwa kupita kiasi, kovu hupanuka, ndewe huvutwa chini, na mtu huonekana kama anayekimbia dhidi ya upepo mkali.

Kukaza tabaka la chini

Mabadiliko makubwa yalitokea miaka ya 1970. Mwaka 1974 daktari Tord Skoog wa Uswidi alieleza jinsi ya kuinua tabaka lililo chini ya ngozi. Mwaka 1976 Wafaransa wawili, Mitz na Peyronie, walilichunguza tabaka hilo na kulipa jina la SMAS.

Tangu hapo, madaktari wengi huliacha tabaka hili libebe mzigo. Wengine hulikunja na kulishona, wengine hukata ukanda wake na kuunganisha kingo, na wengine huliinua na kulishikiza juu zaidi. Baada ya hapo ngozi hulazwa tu juu yake bila kuvutwa kwa nguvu. Uso hukaa kwa umbo la kawaida na matokeo hudumu zaidi. Kwa watu wengi kazi iliyofanywa vyema hukaa miaka saba hadi kumi, ingawa uzee wenyewe hausimami.

Kuingia ndani zaidi

Mwaka 1990 daktari Sam Hamra wa Dallas, Marekani, alieleza mbinu ya kupita chini ya tabaka la SMAS. Hapa ngozi na tabaka hilo huinuliwa pamoja kama kitu kimoja, na kano zinazoushikilia uso kwenye mifupa hukatwa ili shavu lote lipande.

Mbinu hii inasifiwa kwa kuinua katikati ya uso na kupunguza ule mkunjo wa kando ya pua. Na kwa kuwa ngozi haitenganishwi sana na nyama, hubaki na damu ya kutosha. Lakini kisu hupita karibu na neva. Mkono usiozoea unaweza kumwacha mtu na mdomo uliopinda. Hii ni kazi ya daktari aliyeifanya mara nyingi.

Kovu fupi, na nyuzi

Mwaka 2002 madaktari wawili wa Ubelgiji, Tonnard na Verpaele, walitangaza mbinu iitwayo MACS. Mchano huishia mbele ya sikio, na nyuzi imara huvuta nyama za shavu kwenda juu. Mara nyingi hutosha kutumia ganzi bila kumlaza mtu usingizi. Humfaa ambaye amelegea kidogo tu. Mwenye shingo iliyoning'inia sana huenda akasikitika, maana ngozi ya shingo huhitaji mchano unaofika nyuma ya sikio, na pengine mwingine chini ya kidevu.

Zipo pia nyuzi zenye vijino zinazopitishwa chini ya ngozi kwa sindano bila kupasua. Hizi zisilinganishwe na upasuaji. Mabadiliko yake ni madogo na mara nyingi huisha baada ya mwaka mmoja hivi.

Ipi inashinda?

Mwaka 1996 madaktari wa New York walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 21. Kila mgonjwa alikazwa upande mmoja wa uso kwa mbinu ya kawaida ya SMAS, na upande wa pili kwa mbinu pana au ya kina zaidi. Baada ya miezi sita, na tena baada ya mwaka, pande hizo mbili zilitazamwa. Hakukuonekana tofauti.

Wapo wanaopinga, wakisema mwaka mmoja ni mfupi na kwamba wagonjwa 21 ni wachache. Lakini somo lenyewe ni zito. Mbinu kadhaa zinazokaza tabaka la chini hutoa matokeo mazuri zikiwa katika mikono ya mjuzi. Kwa hivyo anayekimbilia jina la mbinu kwa sababu amelisikia likisifiwa anaweza kulipa zaidi na kujiongezea hatari bila faida yoyote.

Ni afadhali ajiulize maswali matatu: Ni sehemu gani iliyolegea? Afya yangu inaruhusu? Na nani atakayeshika kisu?

Chukua mfano wa mama wa miaka 48 ambaye taya imeanza tu kupoteza umbo lakini shingo bado ni imara. Kovu fupi laweza kumtosha. Mwenzake wa miaka 62, ambaye shavu na shingo vyote vimeteremka, atahitaji kazi kamili ya SMAS au ya tabaka la ndani. Naye anayelalamikia kope zilizoshuka, au mistari midogo juu ya mdomo, hatasaidiwa na yoyote kati ya hizi. Hayo yana tiba zake.

Hatari zilizopo

Tatizo linalotokea zaidi ni damu kujikusanya chini ya ngozi, hasa katika saa 24 za kwanza. Likitokea, mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji mara moja. Wenye shinikizo la damu wamo hatarini zaidi, na vilevile wanaume, kwa kuwa ngozi ya ndevu ina mishipa mingi ya damu. Ndiyo sababu daktari atataka shinikizo lidhibitiwe kwanza, na aambiwe dawa zote unazomeza, zikiwemo aspirini na za mitishamba.

Ndewe kufa ganzi ni jambo la kawaida, na mara nyingi hupona. Udhaifu wa misuli ya uso nao kwa kawaida hupita. Wa kudumu ni nadra, lakini upo.

Kuna jingine linalotuhusu sana sisi Waafrika, nalo ni kovu linalovimba na kukua, yaani kiloidi. Ikiwa uliwahi kutoga sikio ukaota uvimbe, au kuna mtu katika ukoo wenu mwenye tatizo hilo, mweleze daktari kabla ya jambo jingine lolote. Huenda akakushauri usipasuliwe kabisa.

Wavutaji sigara nao wana onyo lao, ambalo limetoka kwa mtu aliyeijua Afrika Mashariki. Tom Rees, daktari wa New York ambaye mwaka 1957 alishirikiana na Michael Wood na Archibald McIndoe kuanzisha shirika la madaktari wa ndege, AMREF, alikuwa pia bingwa wa upasuaji wa uso. Mwaka 1984 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa zaidi ya wagonjwa 1,000 waliokazwa uso. Waligundua kwamba ngozi ya wavutaji sigara ilikuwa na hatari ya kufa mara 12 kuliko ya wasiovuta. Madaktari wengi hawamgusi mvutaji mpaka aache kwa muda wa angalau wiki nne.

Umwulize nini daktari

Kwanza, hakikisha amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC) kama bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, na kwamba leseni yake ni ya mwaka huu. Cheti cha saluni au cha urembo hakimruhusu mtu kushika kisu.

Pili, mwulize ni mbinu ipi aifanyayo mara nyingi, na mara ya mwisho aliifanya lini. Omba kuona picha za wagonjwa wake mwenyewe, wenye rangi ya ngozi kama yako, zilizopigwa baada ya mwaka mmoja au zaidi. Picha za wiki ya sita hazitoshi.

Tatu, uliza upasuaji utafanyiwa wapi, nani atakayekulaza usingizi, na ukivuja damu usiku utampigia nani simu. Anayepanga kusafiri ng'ambo alitafakari sana hili la mwisho, kwani atakapokuwa amerudi nyumbani daktari wake atakuwa mbali.

Mwisho, jihadhari na anayekuhimiza ulipe leo ili upunguziwe bei. Uso uliolegea ungali uso wako na haukuletei maradhi. Waweza kungoja mwezi mwingine, ukamwona daktari wa pili, ukalinganisha maneno yao. Daktari mzuri hatakasirika ukifanya hivyo, na pengine ndiye atakayekwambia kwamba bado huhitaji kupasuliwa.