Maji Hupungua, Chumvi Hubaki

Ndugu zetu wa jeshi na wa polisi wanajua maana ya kukabidhi lindo. Anayetoka humweleza anayeingia yote yaliyotokea, nayo huandikwa kitabuni. Asiyepewa maelezo kamili aweza kukesha usiku kucha kwa uaminifu mkubwa, kumbe analinda mlango usiohusika. Jambo la namna hiyo lilimpata sajini mmoja wa polisi, jirani yetu hapa Kampala, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akifuga samaki wa baharini sebuleni mwake.

Hodhi lake la kioo huchukua lita 200 za maji. Ndani yake mlikuwamo samaki watano wa matumbawe, walioletwa kutoka pwani ya Kenya, pamoja na kiti cha pweza mmoja mwekundu ambaye watoto wa jirani walikuwa wakija kumtazama. Sajini alipotumwa kazini mbali kwa muda wa siku 30, alimwachia mdogo wake mfuko wa chumvi ya bahari, akamfundisha namna ya kuichanganya, kisha akamwagiza neno moja tu: asiache maji yapungue. Kijana alitii. Kila asubuhi alitazama kimo cha maji, akakuta yamepungua kiasi cha lita 2, naye akazirudisha kwa maji ya chumvi aliyoyachanganya kwa uangalifu.

Sajini aliporejea alikuta maji yamejaa na yang'aa. Lakini kiti cha pweza alikuwa amekufa, samaki wawili walikuwa wamekwisha tupwa, na watatu waliobaki walikuwa wakihema karibu na uso wa maji. "Kaka," kijana alisema, "sikuacha maji yapungue hata siku moja." Nayo ilikuwa kweli tupu.

Msomaji aliyewahi kufika Katwe, magharibi mwa nchi yetu, amekwisha ona kwa macho yake chanzo cha msiba huu. Wachimba chumvi wa pale huyaacha maji ya ziwa katika vidimbwi. Jua huyachukua maji, na chumvi hubaki chini. Hodhi la sebuleni nalo ni kidimbwi cha Katwe. Kinachopaa hewani ni maji matupu, yaani maji matamu, wala hakuna chembe ya chumvi inayoondoka nayo. Kwa hiyo anayerudisha maji ya chumvi mahali pa maji matamu anaongeza chumvi juu ya chumvi.

Na tufanye hesabu. Maji ya bahari kuu yana chumvi ya gramu 35 hivi katika kila lita, hivyo hodhi la lita 200 lina kilo 7. Kijana alitia lita 60 kwa siku 30, nazo zilibeba kilo 2 na gramu 100. Zikijumlishwa tunapata kilo 9 na gramu 100 katika lita zile zile 200, yaani gramu 45 na nusu kwa lita. Bahari ya Shamu yenyewe, inayosifika kwa ukali wa chumvi yake, ina gramu 40 hivi.

Twaweza kuulizwa: samaki wa chumvi anaonewaje na chumvi? Ukweli ni kwamba damu ya samaki hawa ina chumvi kama theluthi moja tu ya ile ya bahari. Kwa sababu hiyo maji humtoka mwilini saa zote kupitia mashavu yake, naye hulazimika kunywa bahari usiku na mchana, kisha kuitoa chumvi iliyozidi kwa njia ya mashavu hayo hayo. Samaki wa Ziwa Viktoria ana taabu iliyo kinyume, kwani yeye maji humwingia. Chumvi ikizidi, samaki wa bahari hufanya kazi hiyo maradufu hadi nguvu zimwishie. Ama kiti cha pweza, yeye hana kabisa uwezo wa kurekebisha chumvi ya mwili wake. Maji yakibadilika naye hubadilika, ndiyo maana hutangulia kufa.

Macho hayawezi kuiona chumvi, basi hapana budi kupima. Chombo cha bei nafuu ni haidromita, kibomba cha kioo kinachoelea: kadiri maji yalivyo na chumvi nyingi ndivyo kinavyopanda juu, kama meli itokayo mtoni kuingia baharini. Alama inayotakiwa ni kati ya 1.025 na 1.026. Lakini chombo hiki kina hila zake. Viputo vya hewa vikikigandia hukiinua, nacho kikasema chumvi ni nyingi; ukoko wa chumvi ukikauka juu yake hukizamisha, kikasema ni kidogo. Tena kila kimoja hutengenezwa kwa joto maalumu lililoandikwa juu yake. Kile cha digrii 15, kikitiwa katika hodhi lenye digrii 26, huzama kupita kiasi, na mwenyewe akidanganyika huongeza chumvi isiyohitajika. Chombo bora zaidi ni rifraktomita, ambayo huwekewa tone moja la maji na kutazamwa mbele ya mwanga. Hiyo nayo isahihishwe kwa maji maalumu ya kipimo cha 35. Wengi husahihisha kwa maji matupu pekee, na kosa dogo hujificha huko juu ya mizani.

Kuhusu chumvi yenyewe, tusidhani kwamba ile ya jikoni itafaa. Sodiamu na kloraidi, ambazo ndizo chumvi ya mezani, ni kama asilimia 85 ya chumvi yote ya bahari. Zilizobaki ni magnesiamu, salfeti, kalsiamu, potasiamu na nyinginezo, na viumbe wa bahari huzihitaji. Wala chumvi ya Katwe haifai, kwa kuwa ina magadi na salfeti nyingi. Tatizo hili si letu peke yetu tulio zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Mombasa. Philip Henry Gosse, Mwingereza mtaalamu wa viumbe, alihangaika na kuyafikisha maji ya bahari London, na mwaka 1854 akatangaza namna ya kuyatengeneza kwa kuchanganya chumvi mbalimbali. Siku hizi chumvi hiyo huuzwa tayari. Huchanganywa katika ndoo safi ya plastiki, maji yakitangulia na chumvi ikifuata, huachwa yakizunguka hadi kesho yake, kisha hupimwa. Asithubutu mtu kuimwaga ndani ya hodhi lenye samaki. Gharama yake si ndogo, nasi hatumshawishi yeyote.

Sajini wetu alipopima alipata 45. Haraka ingewaua na wale watatu, maana mwili uliokwisha zoea ukali hauwezi kurudishwa kwa siku moja. Kila jioni alichota lita 5 za maji ya hodhi na kutia lita 5 za maji matamu, yasiyo na klorini, yenye joto lile lile. Kwa njia hiyo kipimo kilishuka kwa kama gramu 1 tu kila siku. Alibandika ukanda wa karatasi kwenye kioo kuonyesha kimo cha maji, akapaka ndoo moja rangi nyekundu na kuiandika "MATAMU — YA KUJAZIA", na kando ya hodhi akafungua daftari kama lile la kituoni: tarehe, saa, joto, kipimo, jina la aliyepima. Katika ukurasa wa kwanza, siku ya 10, pameandikwa kwa mwandiko wa mdogo wake: "Kipimo 35. Samaki 3, wote wamekula."