Presha ya Wazee Haingoji Kichwa Kiume

Mzee mwenye presha ya kupanda anaweza kupalilia migomba asubuhi, akapanda kilima kwenda sokoni Omurushaka, na jioni akakaa na wenzake wakitafuna kahawa, bila kusikia lolote mwilini. Ukimuuliza hali, atakuambia ni mzima, na hadanganyi. Ndiyo maana kazi yetu watu wa afya huku Karagwe na Kyerwa ni ngumu: tunamsihi mtu asiyeumwa popote ameze dawa kila siku, pengine maisha yake yote.

Wazee wengi wamekwisha kujitungia kipimo chao. Kisogo kikigonga, presha imepanda, kikitulia, imeshuka. Basi kidonge kinamezwa kwa kufuata kichwa, na dawa za mwezi mmoja zinakaa miezi mitatu. Lakini kichwa kuuma, kizunguzungu, moyo kwenda mbio na usingizi kukatika vina sababu nyingi: malaria, upungufu wa damu, macho, kutokunywa maji ya kutosha, mawazo. Presha ya 170 kwa 85 mara nyingi haina dalili hata moja. Inauchosha moyo na kuharibu figo, macho na ubongo kidogo kidogo, na wako ambao dalili yao ya kwanza ni kiharusi chenyewe.

Tatizo si la wachache. Utafiti uliofanyika vijijini wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta karibu watu saba katika kila kumi wenye umri wa miaka 70 na zaidi wana presha ya kupanda. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa. Hai si Karagwe, lakini watu wake ni wakulima wa migomba na kahawa kama sisi, na wanazeeka kama sisi.

Presha ina namba mbili. Ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma, ya chini ni nguvu yake moyo unapopumzika. Mishipa ya kijana hutanuka na kurudi. Ya mzee imekakamaa kama mpira ulioachwa juani miaka. Kwa hiyo umri unavyosogea, namba ya juu hupanda huku ya chini ikibaki palepale au kushuka. Mzee akiambiwa ana 165 kwa 75, ajue hiyo ni presha ya kupanda kamili, hata kama namba ya chini inapendeza.

Wapo wanaosema presha ya mzee ni uzee tu, aachwe apumzike. Hilo lilishajibiwa. Mwaka 2008 yalitangazwa matokeo ya majaribio yaliyohusisha watu 3,845 wa nchi mbalimbali, wote wa miaka 80 na zaidi. Waliopewa dawa walipata viharusi pungufu kwa takriban theluthi moja, na vifo vyao vilipungua kwa karibu moja ya tano. Lengo lao lilikuwa chini ya 150 kwa 80. Kwa kawaida tunalenga chini ya 140 kwa 90, ila kwa mzee aliyedhoofika sana daktari anaweza kulegeza kidogo, na yuko sahihi.

Kupima kwenyewe kunaharibiwa na mambo madogo. Huku kwetu kuna baridi, mzee anakuja na koti juu ya sweta, na mhudumu mwenye foleni ndefu anafunga kipimo juu ya nguo. Majibu hayo si ya kuaminiwa. Vivyo hivyo aliyetoka kupanda mlima, aliyebanwa na mkojo, au aliyetafuna kahawa au kuvuta tumbaku nusu saa iliyopita. Akae kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono mtupu umewekwa mezani usawa wa moyo, na asipige soga wakati mashine inafanya kazi. (Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote.) Apimwe mara mbili, na kama namba haziko juu sana, arudi siku nyingine kabla ya kuanzishiwa dawa.

Kisha asimamishwe, apimwe tena baada ya dakika moja na ya tatu. Hatua hii inarukwa mno, na kwa mzee ndiyo yenye faida kubwa. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi anaposimama, mzee huyo yuko hatarini kuanguka, na nyonga iliyovunjika inaweza kumlaza moja kwa moja. Akiona giza anapoinuka kitandani hudhani sasa ana presha ya kushuka, na anaacha dawa. Asiache. Arudi kliniki ipunguzwe au ibadilishwe. Nyumbani akae kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kuinuka, na anywe maji ya kutosha, isipokuwa kama daktari amemwekea kipimo kwa sababu ya moyo au figo. Dawa ya kukojoza imezwe asubuhi, isimtoe nje usiku wa manane. Miguu ikivimba baada ya kuanza amlodipini, au kikohozi kikavu kikianza baada ya kaptopril, aseme. Dawa mbadala zipo.

Adui mwingine anauzwa dukani bila cheti. Magoti na kiuno vya mtu aliyelima miaka hamsini vinauma, na diklofenaki inapatikana kirahisi. Diklofenaki na ibuprofeni hupandisha presha, huzuia dawa za presha zisifanye kazi vizuri na huumiza figo. Nimeona wazee wakiongezewa dawa ya presha mara kwa mara ilhali tatizo lilikuwa kidonge cha magoti ambacho hakuna aliyewauliza habari zake. Parasetamo kwa kipimo sahihi ni salama zaidi kwa wengi.

Kwenye chakula sina maneno mengi. Ndizi zetu na maharage ni chakula kizuri cha mwenye presha. Vinavyomponza ni chumvi inayoongezwa mezani na samaki wa chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, ikijumlishwa na ile ya kupikia. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kuhusu ndizi, kwa sababu ya potasiamu. Rubisi na gongo, zikinywewa kwa wingi, hupandisha presha.

Kuhusu fedha, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi, na asiyejiweza anastahili kutibiwa bure katika vituo vya serikali. Aende na kitambulisho chake na aulize dirisha la wazee. Kwa anayeishi Murongo mpakani, nauli nayo ni mzigo, hivyo aombe dawa za miezi miwili au zaidi presha ikishatulia.

Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukikosa nguvu au maneno yakivurugika ghafla, hicho ni kiharusi mpaka daktari aseme vinginevyo. Mzee asinyweshwe kitu, asiongezewe vidonge vya presha, asipelekwe kwanza kuombewa wala kuaguliwa. Apelekwe saa hiyo hiyo Nyakahanga au hospitali yoyote iliyo karibu. Vivyo hivyo presha ya 180 kwa 120 ikija pamoja na kifua kuuma au kupumua kwa shida.

Wewe mwenye mzazi kijijini, safari yako ijayo mpeleke kituoni apimwe akiwa ameketi na akiwa amesimama. Beba kwenye mfuko dawa zote anazomeza, na vile vidonge vya magoti visibaki nyumbani.