Jino la kupandikizwa halibandikwi, 'hushika'

Majuzi huku kwetu Sigalame, Kaunti ya Busia, mzee mmoja aliniuliza kama "gundi" inayopakwa kwenye jino la kupandikizwa huisha nguvu. Swali ni zuri, ila neno 'gundi' linapotosha, na upotovu huo unaweza kumgharimu mtu jino.

Tuanze na kitenzi chenyewe. Kupandikiza ni kuung'oa mche kitaluni na kuupanda shambani, kisha mkulima akasubiri 'ushike'. Ndivyo ilivyo kinywani. Mwaka wa 1952, Per-Ingvar Brånemark, daktari wa Uswidi, aligundua kuwa kifaa cha titani alichokitia katika mfupa wa sungura kimeshikwa na mfupa huo hata hakitoki. Mwaka wa 1965 alimpandikizia binadamu kwa njia hiyo. Hapakuwa na gundi wala saruji; mfupa ulikua ukaikumbatia titani.

Basi kinachopakwa ni nini? Mimi nakiita 'utando', kama ule wa maziwa yaliyopoa, ingawa huu hauenguliwi kwa kijiko! Mara nyingi ni haidroksiapatiti, madini ya kalsiamu na fosfati yanayofanana na yale yanayoupa mfupa ugumu wake. Hurushwa kwa joto kali juu ya skrubu ya titani, na seli za mfupa zikiyakuta hujenga upesi zaidi. Ila utando huo huweza kubambuka. Ndiyo maana watengenezaji wengi siku hizi huikwaruza titani yenyewe kwa chembe ngumu na asidi. Fundi wa nyumba analijua hili: ukuta laini mno haushiki plasta.

Gundi hukauka, mtu akatafunia jioni iyo hiyo. Mfupa hauna haraka hiyo. Kwa desturi husubiriwa miezi 3 hadi 6, japo utando au mikwaruzo huweza kuupunguza muda huo. Skrubu ikitikisika kupita kiasi mapema, panapotakiwa mfupa huota nyama laini kama kovu, nayo skrubu hulegea hadi itolewe. Sigara na kisukari kisichodhibitiwa huzidisha hatari.

Kwa hiyo ningependa madaktari na watangazaji wetu wa redio waseme "kipandikizi kimeshika" au "bado hakijashika". Mgonjwa wa Malaba ambaye amewahi kupanda sukumawiki ataelewa mara moja kwa nini asubiri. Neno 'gundi' tuliachie meno bandia ya kuvaa na kuvua, kwani hayo kweli yana gundi yake.