Fomu Inayojazwa Mapema Mno

Katika vyuo vingi mwanafunzi wa uzamivu huletewa fomu ya mahitaji ya mafunzo mwanzoni kabisa, pendekezo lake la utafiti likiwa bado halijapita kwenye jopo. Jipime kuanzia 1 hadi 5: uchambuzi wa takwimu, uandishi wa kitaaluma, maadili ya utafiti, uongozi. Anajipa 4 karibu kila mahali, anajipunguzia moja kwenye uongozi ili asionekane anajivuna, anasaini. Msimamizi naye anasaini. Fomu inaingia kwenye faili, na humo hakuna atakayeisumbua.

Utaratibu huu una ukoo wake Uingereza. Mwaka 2002 Sir Gareth Roberts aliikabidhi serikali ya nchi hiyo ripoti kuhusu uhaba wa wanasayansi na wahandisi. Pamoja na mengine, alipendekeza kila mwanafunzi wa uzamivu apate angalau wiki mbili za mafunzo kwa mwaka, hasa ya stadi zitakazomfaa hata nje ya maabara. Fedha zilifuata, kiasi cha pauni milioni 20 kwa mwaka, hadi zilipokatwa mwaka 2011. Mwaka mmoja kabla ya hapo, shirika la Vitae lilikuwa limetoa mfumo wa kumpima mtafiti wenye maeneo 4, vipengele 12 na vielezo 63. Anayeweza kujipima kwa uaminifu katika mambo 63 pengine hahitaji mafunzo, anahitaji likizo.

Shida ya fomu ni kwamba inamtaka mtu apime kina cha maji ambayo hajayaingia. Ndiyo maana yule aliyejipa 4 kwenye takwimu mwaka wa kwanza hujipa 2 mwaka wa tatu, akiwa sasa anajua mara tatu zaidi. Kwenye karatasi ameporomoka, na akiwa mwangalifu atajifunza kutojipunguzia tena.

Mahitaji hujitokeza kazi inapokwama, na hata hapo hujitokeza yamevaa nguo za mahitaji mengine. Tuseme mtafiti amehoji wakulima 200. Kwa 20 ambao hawakujibu swali la miaka waliyosoma, wasaidizi wake walijaza 99, yaani "hakuna jibu", kama hojaji ilivyoelekeza. Waliobaki walisoma wastani wa miaka 7. Anaingiza kila kitu kwenye programu, anabonyeza, na kijiji kinatoka na wastani wa miaka 16.2, yaani kijiji cha wahitimu wa chuo kikuu wanaolima mtama. Akiliona hilo, ana bahati. Asipoliona, modeli yake itampa majibu ya ajabu, naye ataomba ufadhili wa kozi ya takwimu za juu, wiki mbili, hotelini. Alichohitaji ni alasiri moja na mtu wa kumwonyesha namna ya kusafisha data.

Kwetu Afrika Mashariki kuna kizuizi kingine ambacho fomu ya Uingereza haikukiwazia. Wanafunzi wengi wa uzamivu ni wahadhiri wasaidizi, tayari wako darasani. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya ilitoa viwango vilivyomtaka mhadhiri awe na shahada ya uzamivu, na shinikizo likapanda. Sasa mtu anayefundisha mbinu za utafiti Jumatatu, Jumanne ataandikaje kwamba mbinu hizo zinampa taabu? Msimamizi wake ndiye mkuu wa idara yake, na mbele yake "Profesa, hapa sijaelewa" ni sentensi nzito kuitamka. Anaandika 4.

Muungano wa CARTA wa mafunzo ya uzamivu barani Afrika, ulioanzishwa mwaka 2008 chini ya uongozi wa kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ulichukua njia yenye akili zaidi. Wanafunzi wa vyuo mbalimbali walipitia semina nne za pamoja zilizotawanywa katika safari nzima ya masomo, kutoka pendekezo hadi kukamilisha tasnifu, kila moja ikifuata hatua ambayo kazi imefikia. Na mbele ya wenzako wa nchi nyingine, ambao hawatakupangia vipindi muhula ujao, ujinga haukugharimu kitu.

Vyuo visivyo na fedha za namna hiyo vinaweza kuanza na kidogo. Fomu isubiri. Mwanafunzi afanye mahojiano 20 ya majaribio, asafishe data yake, aandike kurasa tatu za matokeo, kisha zisomwe na msimamizi pamoja na mtu mmoja wa takwimu asiyehusika na kumpandisha cheo. Pale watakapokuta shimo, ndipo pa kufundishia. Zoezi hili lina kasoro mbili za kiutawala: halina posho, na linamlazimu msimamizi kuzisoma hizo kurasa.