Kutoka Muswada hadi Kitabu: Safari ya Riwaya ya Aniceti Kitereza na Funzo Lake kwa Waandishi wa Ufipa

Ikisiri
Makala haya yanafafanua jinsi uchaguzi wa lugha ulivyoathiri uhariri na uchapishaji wa riwaya ya Aniceti Kitereza. Yanadai kwamba kujitafsiri ni uhariri, na kwamba muswada wa lugha mama haupotezi thamani baada ya tafsiri kuchapishwa.

1.0 Utangulizi
Mwandishi chipukizi wa Wampembe, katika mwambao wa Ziwa Tanganyika wilayani Nkasi, hukabiliwa na maswali mawili kabla ya kumfikia mhariri: aandike kwa lugha ipi, na nani atamchapishia? Kwa anayewaza kwa Kifipa, jibu la swali la kwanza huamua la pili. Maswali hayo yalimkabili pia Kitereza (1896–1981) wa kisiwa cha Ukerewe.

2.0 Miaka 35 ya Kusubiri
Kitereza alikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Kupitia ndoa ya Myombekere na Bugonoka, wanaosumbuliwa na ukosefu wa mtoto, alikusudia kuhifadhi maisha na mila za Wakerewe. Hakupata mchapishaji, kwani wasomaji wa Kikerewe walikuwa wachache. Mwishoni mwa miaka ya 1960, watafiti Gerald na Charlotte Hartwig walimshauri aitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ikaichapisha mwaka 1980 kwa juzuu mbili, kwa jina *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*. Mwandishi alifariki mwaka uliofuata, kabla nakala hazijamfikia.

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa kisiwa hichohicho, alizaliwa mwaka 1944. Yeye aliandika kwa Kiswahili moja kwa moja, na *Rosa Mistika*, riwaya yake ya kwanza, ilitoka mwaka 1971. Hivyo, aliyezaliwa mwaka mmoja tu kabla ya muswada wa Kitereza kukamilika alimtangulia kuchapishwa. Tofauti hiyo haipimi vipaji. Inaonesha uzito wa lugha katika soko la vitabu.

3.0 Kujitafsiri kama Uhariri
Anayejitafsiri huamua kipi kibaki, kipi kifafanuliwe na kipi kiachwe. Mfano ni jina Ntulanalwo, lenye maana ya "naishi nacho siku zote", yaani kifo. Kiambishi *-lwo* hurejelea nomino ya ngeli ya *lu-* yenye maana ya kifo. Kwa Mkerewe, upatanisho huo huashiria kisichotajwa. Katika Kiswahili, "kifo" kimo katika ngeli ya *ki-/vi-*. Msomaji asiyeelezwa huliona jina bila kuyasikia maombolezo yaliyomo. Mhariri anayelainisha matini bila kumuuliza mwandishi anaweza kufuta maana za namna hiyo.

4.0 Hitimisho
Gabriel Ruhumbika alipoitafsiri riwaya hiyo kwa Kiingereza, tafsiri iliyotoka mwaka 2002, alirejea muswada wa Kikerewe. Kama Kitereza angeutupa baada ya kupata tafsiri ya Kiswahili, njia hiyo ingefungwa. Kwa mwandishi wa Wampembe, basi, Kiswahili humfungulia mlango wa mchapishaji; muswada wa Kifipa, ukihifadhiwa, humwezesha mhariri na mfasiri wa baadaye kurejea kwenye chemchemi.