Habari za Bustani Yetu ya Mboga, Masanze

Katika gazeti la mwezi wa Juni tuliwaelezeni jinsi tulivyoanza bustani ya mboga nyuma ya nyumba yetu hapa Masanze, katika Wilaya ya Kilosa, nasi tukaahidi kwamba kiangazi kikiisha tutawapa habari zake, njema na mbaya. Tangu hapo tumepata barua saba za wakulima wenzetu, na karibu zote zauliza neno moja: Je, mboga zimeota? Mwalimu mmoja ametuuliza kwa mzaha kama tumeshiba hata tukasahau kuandika. La, hatukusahau. Tulichelewa kwa sababu mwezi wa Agosti bustani ilikaribia kufa, na mtu hapendi kuandika habari za msiba kabla ya kujua mwisho wake.

Kwanza habari ya mahali, maana wawili wenu mmeuliza kwa nini hatukulima mtoni. Ni kweli kwamba watu wengi hulima mboga za kiangazi kando ya mito, kwa kuwa udongo wa huko hushika unyevu hata Septemba. Lakini Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu, na zile ziwezazo kudhuru maji, katika mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tena mito ya kwetu si ya kuchezewa. Nani asiyekumbuka Desemba 2009, mto Mkondoa ulipovunja kingo zake ukaingia Kilosa mjini, ukabomoa reli, ukawaacha maelfu ya watu bila makao? Basi tukachagua kipande cha nyuma ya jiko, hatua 20 kwa hatua 12, karibu na kisima, tukasema heri kubeba ndoo kuliko kulala na wasiwasi.

Hapo ndipo tulipofanya kosa letu la kwanza, na walimu wenye bustani za shule walisome vema. Tulitengeneza matuta ya kuinuka, kama tulivyofundishwa tangu utoto, marefu na mazuri kwa macho. Walakini tuta la kuinuka ni la masika, ili maji ya mvua yashuke. Wakati wa kiangazi hukauka upesi mno, upepo hulipiga kila upande, na ndoo ya maji umwagayo jioni hushuka ubavuni kabla mzizi haujanywa. Kwa majuma matatu tulimwaga ndoo kumi kila jioni, na mchicha ukawa mwekundu na mgumu, ukatoa maua ungali na urefu wa kidole. Mwishowe tukayabomoa yote, tukachimba matuta ya kuzama: tulifukua udongo kwa kina cha shubiri moja, upana mita 1 ili mkono ufike katikati pasipo kukanyaga, tukatia takataka za majani chini, tukarudisha udongo lakini tukauacha chini ya usawa wa ardhi kwa vidole vinne. Maji yakikaa humo hayana pa kukimbilia. Tangu siku ile ndoo sita zimetosha, na juu ya udongo twatandaza nyasi kavu.

Mchicha wa pili ulikuwa wa kufurahisha sana. Mbegu zake ni ndogo kama chembe za baruti, basi tulizichanganya na mchanga mkavu, kijiko kimoja cha mbegu kwa vikombe viwili vya mchanga, tukamwaga katika mistari. Zilipotimiza majuma mawili tukang'oa zilizobanana, nazo zenyewe tukazipika. Baada ya juma la nne tukaanza kuvuna, si kwa kung'oa, bali kwa kukata kimo cha kiganja juu ya ardhi, ili shina lichipue tena. Mama wa nyumba yetu amependa niwakumbushe kina mama neno moja, nalo ni kuosha majani kabla ya kuyakata, wala si baada ya kuyakata, na kuyapika kwa muda mfupi. Asema kwamba kulima kwa jasho na kisha kumwaga nguvu ya mboga pamoja na maji ya kuoshea ni kazi ya kipumbavu. Hatukubishana naye.

Nyanya, ndugu zetu, zimetushinda. Tulipanda miche 48, ikawa na afya hata ilipotoa maua. Kisha majani yakaanza kuonyesha madoa meupe kama karatasi iliyolowa mafuta, na ndani ya doa unaona kiwavi mdogo. Matunda nayo yalitobolewa karibu na kikonyo. Huyu ni yule nondo ambaye wakulima wamemwita kantangaze. Asili yake ni Amerika ya Kusini; alivuka bahari akaonekana Hispania mwaka 2006, akashuka Afrika, na mwaka 2014 akathibitishwa kuwa yumo nchini mwetu. Kiwavi wake hukaa ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, na kwa sababu hiyo dawa nyingi zinyunyizwazo juu hazimfikii. Akishiba hushuka udongoni kujigeuza, akatoka tena akiwa nondo. Tulikusanya majani yenye madoa kila asubuhi tukayafunga katika mfuko na kuuanika juani, tukaweka taa juu ya beseni la maji usiku ili nondo waanguke. Tuliwapunguza, lakini tulikuwa tumechelewa. Tulipata nyanya za vikapu viwili tu. Kosa letu lilikuwa kupanda nyanya mahali palipokuwa na biringanya, nao ni wa ukoo mmoja, hivyo mdudu alikuta meza imekwisha kuandaliwa. Mahali pale sasa tumepanda kunde, wala nyanya hazitarudi hapo upesi.

Nyanya chungu, ambazo nazo ni za ukoo huo huo, zilivumilia vizuri kuliko tulivyotazamia. Twaona kwamba mboga za kwetu zilidharauliwa bure kwa muda mrefu, zikaitwa chakula cha maskini. Hata wataalamu wamegeuka: kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kilichofungua tawi lake Arusha mwaka 1992 kimefanya kazi ya kukusanya na kuboresha mbegu za mchicha, nyanya chungu na mnafu, kama vile wengine wafanyavyo kwa ngano.

Sasa tufike Agosti. Tarehe 14 nyumba nzima tulikwenda mazikoni Zombo, tukamwacha bibi peke yake, naye macho yake hayaoni mbali. Tuliporudi saa kumi jioni tuliwakuta mbuzi kama 30 ndani ya bustani. Bibi alikuwa amesikia kengele zao, akadhani ni watoto wa shule wanacheza. Mchicha ulikwisha wote, kunde zimekwisha, matembele yamebaki kamba, bamia zimevunjwa. Mihogo michanga ya jirani yetu, upande wa pili wa njia, nayo ilikuwa imeliwa vichwa.

Wenzetu wanaokaa karibu na Hifadhi ya Mikumi huenda wakatucheka, maana wao hupambana na tembo. Lakini aliyeona kazi ya miezi mitatu ikitafunwa hawezi kupima ukubwa wa mnyama.

Kijana aliyekuwa akiwachunga alikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja hivi, wa wafugaji ambao hupitisha mifugo yao kwetu wakati wa kiangazi wakitafuta maji. Usingizi ulimchukua chini ya mwembe. Vijana wa kitongoji walikuwa wamekwisha kumkamata na kumfunga mikono kwa kamba ya ndoo yetu, na wengine walikuwa wakikata fimbo. Twakiri kwamba maneno yetu ya kwanza hayakuwa ya kumtetea. Tulisema, Na akae hivyo hivyo mpaka baba yake aje. Mama wa nyumba yetu ndiye aliyekwenda akamfungua, akampa maji, akatuambia mbele ya watu, "Baba, mnataka kuvuna nini hapa?"

Wenyeji wa Kilosa hatuhitaji kuelezwa maana ya swali lile. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni katika wilaya yetu hii, ugomvi wa wakulima na wafugaji ulifika hata watu 38 wakauawa. Ugomvi kama ule huanza kwa jambo dogo, mifugo iliyoingia shambani, mchungaji aliyekamatwa, ndugu waliokuja kumkomboa. Tulimtazama yule mtoto, kisha tukazitazama zile fimbo, nayo miguu yetu ikatetemeka.

Magharibi akaja mzee wao. Alitusalimu, akasalimiwa, wala hakukubali kiti kabla hajazunguka matuta yote na kuona mwenyewe. Kisha akasema, "Mwalimu, mbuzi hajui mpaka, lakini sisi twajua. Semeni mnachotaka." Majirani walitaka fedha papo hapo. Tukakubaliana tuonane asubuhi kwa mtendaji wa kijiji.

Usiku ule nyumbani hatukulala mapema. Sisi tulikuwa tumekwisha kupiga hesabu ya shilingi. Mama akasema fedha itanunua mboga ya mwezi mmoja, kisha tuta litabaki vile vile, na udongo wetu umechoka. Asubuhi, mbele ya mtendaji, akamwuliza yule mzee, "Mzee wangu, zizi lako lina samadi ya miaka mingapi?" Mzee akacheka. "Mama, hata sisi hatujui. Ikitufika magotini, twahamisha zizi." Basi wakaandikiana: viroba 40 vya samadi vitaletwa kwa punda, na vijana wake watakuja kuzungusha ua wa miiba ya migunga. Vyote vilikuja kabla ya juma la pili kwisha. Yule mtoto alikuja pamoja nao, akafanya kazi kuliko wote.

Wala msidhani kwamba yote yalikwisha salama. Jirani mwenye mihogo alichagua fedha, akapewa nusu, na nusu hajapewa hata leo. Asema sisi tuliuza kesi kwa kinyesi, na kwa kufanya hivyo tukaifanya yake iwe nyepesi. Twamwona kuwa ana haki ya kuudhika. Tumekwenda mara mbili pamoja naye kwa mtendaji, nasi tutakwenda tena.

Samadi ile nayo ilitufundisha kwa ukali. Kwa haraka yetu tulitia ya viroba vitano ikiwa mbichi katika matuta mawili. Miche ya figili ikaungua majani, na magugu tusiyoyajua yakaota kama nywele, maana mbuzi hula mbegu za porini na kuzitoa zikiwa hai. Iliyobaki tukaifanya lundo: tabaka la nyasi kavu, tabaka la samadi, majivu kidogo, maji, kisha tena hivyo hivyo hata kimo cha kifua, tukafunika kwa majani ya migomba. Tukachomeka mti mrefu katikati. Ukiuchomoa ukauona wa moto, lundo lafanya kazi. Ukiwa baridi na mkavu, lataka maji. Ukiwa baridi na unanuka, ligeuze lipate hewa. Tuligeuza kila baada ya majuma mawili, na baada ya miezi miwili lilikuwa jeusi, lenye harufu ya udongo wa msituni baada ya mvua. Tulitia debe moja kwa kila mita ya tuta.

Katikati ya Oktoba tulipanda upya. Hata tunapoandika, mwanzoni mwa Desemba, tumekwisha kukata mchicha mara mbili, na mafungu 60 yamekwenda kwa majirani na sokoni. Bamia zimefika kiunoni. Vidukari waliziingia, tukawanyunyizia maji ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, yakalala usiku kucha, yakachujwa na kutiwa sabuni kidogo. Twanyunyiza jioni, jua likiisha kushuka. Matembele yalirudi yenyewe kutoka kamba zilizobaki. Ua wa miiba utaoza kwa masika mbili tatu, basi ndani yake tumechomeka vipande vya minyaa, ambayo mbuzi haili. Na kwa kuwa vuli imeanza, twayainua matuta tena.

Mtuulizao habari za mbegu: tumeacha mashina manane ya mchicha yaliyo bora yakomae, na nyanya chungu kumi zimeiva hata zikawa nyekundu, zimekamuliwa mbegu zinazokauka kivulini juu ya ungo. Mwenye kutaka alete bahasha yake. Lakini sisi nasi twaomba neno kwenu. Mizizi ya bamia mbili tulizong'oa ilikuwa na vinundu vinundu, nasi twaogopa kuwa ni minyoo ya udongoni. Aliyeishinda bustanini mwake atuandikie alifanyaje, na ilimchukua muda gani.