Unaenda Mathari gani? Acha aibu, tafuta mshauri

Mwambie rafiki yako wa Tetu kwamba unaenda Mathari, kisha umtazame usoni. Kuna Mathari ya hapa Nyeri, hospitali ya Consolata, na kuna Mathari ya Nairobi, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iliyoanza 1910. Ukitaja ya kwanza, utapewa pole. Ukitaja ya pili, utachekwa.

Kicheko hicho ndicho kinachowanyamazisha vijana. Mtu anakosa usingizi, chakula hakipiti, masomo yanadorora, na nyumbani wanasema ni uvivu ama "ujana tu, utapita".

Lakini kupimwa si jambo la kutisha. Fomu moja inayotumika sana, PHQ-9, ina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita: unalala vipi, unakula vipi, unajiona huna maana? Kila jibu lina alama 0 hadi 3, na jumla haizidi 27. Alama pekee hazitoshi kusema una ugonjwa. Zinamwonyesha mtaalamu pa kuanzia. Kinachofuata ni mazungumzo. Kwa mtoto mdogo asiye na maneno ya kueleza uchungu wake, huwa ni michezo na kuchora.

Wala si lazima anayekusikiliza awe mzee wa suti. Katika mpango wa Shamiri hapa Kenya, vijana waliotoka tu sekondari walifunzwa kuongoza vikundi vya wanafunzi kwa vikao 4 vya saa moja. Utafiti wa wanafunzi 413 uliochapishwa 2021 ulionyesha dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwao kuliko kwa wenzao waliofunzwa mbinu za kusoma.

Sheria nayo imelegea. Awali, aliyejaribu kujiua angeweza kufungwa hadi miaka 2. Januari 9, 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 kinakiuka Katiba. Kumwambia daktari ukweli si kujishtaki tena.

Kama hujafika miaka 18, piga 116 bila malipo. Umevuka? Piga 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Ukiteleza kwenye matope ya Ihururu ukavunjika mguu, majirani watakubeba mbio. Lakini moyo ukivunjika hakuna anayeona. Sema, ili nao ubebwe.